Siku Tuliyoisukuma Pikapu Nje ya Shule Yetu

Jumapili, Machi 2019
Arlington, Texas

Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyomlowesha mtu lakini hayamruhusu kuanika nguo. Mgongo unaniuma. Grisi imeingia chini ya kucha na sabuni ya vyombo imeshindwa kuitoa. Kanisani sikwenda. Kamau, mume wangu, amewachukua watoto na kuniambia, "Wewe lala, nitawaambia uko na homa."

Sina homa. Nina shule kichwani.

Jana tulikwenda Houston kuiaga shule yangu ya sekondari. Jina lake silitaji hapa. Waliosoma pale wataitambua, na wasiosoma pale halitawasaidia kitu. Ni jengo la matofali mekundu, ghorofa mbili, na nyuma yake kuna kile kijito wanachokiita bayou, ambacho siku za kawaida unaweza kukidharau. Nilikidharau mimi pia.

Wiki iliyopita Desiree alinipigia nikiwa kazini. Tumekuwa marafiki tangu tukiwa wasichana wa miaka kumi na sita, na hapigi mchana ila kama kuna jambo.

"Rema," alisema. Hajawahi kulimaliza jina langu, Rehema, na nimeshamsamehe. "Ofisi ya elimu imekubali kutupatia ile pikapu. Lakini lazima itoke Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo wanaweka uzio, kisha tingatinga linaingia kubomoa."

"Inatembea?"

"Ilikaa ndani ya maji. Itatembeaje? Ndiyo maana nakuita wewe."

Nilicheka, kisha nikaenda chooni kulia kidogo. Wenzangu ofisini walidhani nimefiwa. Sikuwakatalia.

Niieleze hiyo pikapu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Nilifika Houston mwaka 2004 nikitokea Morogoro. Mama alikuwa ametangulia, akifanya kazi ya kuwahudumia wazee. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, kile cha kujibu mtihani, na watoto wa shule ile walikuwa wanaongea kingine kabisa. Wiki za mwanzo nilikuwa nakula chakula cha mchana nimesimama, ili nisilazimike kuchagua meza.

Niliomba somo la ushonaji. Darasa lilikuwa limejaa, wakanipeleka karakana ya magari.

Mama aliposikia alishika kiuno. "Nimekuleta Marekani uje ulale chini ya magari kama fundi wa gereji za Msamvu? Hayo si mambo ya mtoto wa kike!" Alitaka kwenda kuwaona walimu, lakini zamu zake hazikumpa nafasi. Siku alipopata nafasi, mimi nilikuwa nimeshajua kufungua kabureta na nikamwomba asiende.

Mwalimu wa karakana aliitwa Hollis. Mzee mrefu, mweusi kama babu zangu, na sauti ya chini ambayo ulilazimika kuacha kelele ili uisikie. Wengine walimwita Mista Hollis. Mimi siku ya kwanza, kwa woga, nilimwita "Mwalimu". Akasimamisha kazi akaniuliza neno hilo maana yake nini. Nilipomwambia, akalirudia polepole, mara mbili, kama anayeonja kitu. Kuanzia siku hiyo darasa zima lilimwita hivyo, kila mtu kwa matamshi yake, na mwisho hata walimu wenzake.

Katikati ya karakana palikuwa na pikapu moja ya zamani, ya kijani. Ilikuwa gari la kujifunzia. Kila darasa liliifungua na kuifunga tena. Mkishaitengeneza mkaizungusha uwanjani, Mwalimu alikuwa anaiharibu makusudi kwa ajili ya darasa linalofuata. Chini ya boneti, upande wa ndani, wanafunzi walikwaruza herufi za majina yao kwa bisibisi. Mwalimu alijifanya haoni.

Nilipenda ile harufu ya petroli na vumbi la chuma. Nilipenda ukuta wa karakana, ambako kila spana ilikuwa na mahali pake, na nyuma ya kila spana pamechorwa umbo lake kwa rangi nyeupe. Ukiangalia ukuta unajua mara moja kipi kimekosekana. Kwa msichana ambaye hakujua mahali pake ni wapi, ukuta ule ulinituliza. Nashindwa kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata kimbunga Katrina kiliizamisha New Orleans, na watoto wa huko wakaletwa kwetu. Walifika kwa mabasi, wamevaa nguo za kupewa. Desiree alikuwa mmoja wao. Alikuwa na viatu vya kiume vilivyomzidi na mfuko mweusi wa taka ambao ndani yake mlikuwa na kila alichokuwa nacho. Hakutaka kuuweka chini. Alikuja karakana nao, akasimama mlangoni amekunja uso, tayari kugombana na yeyote.

Mwalimu hakumuuliza habari za maji. Alimwambia, "Rehema anahitaji mtu wa kumshikia taa."

Akashika. Mfuko mkono mmoja, taa mkono wa pili. Nadhani ilikuwa siku kadhaa kabla hajauweka ule mfuko chini ya benchi. Tangu siku hiyo tulianza kula pamoja, tumekaa.

Historia ya shule tuliipata tukiwa tumelala chini ya gari. Mwalimu alikuwa hodari wa kusimulia akiwa haonekani, unasikia sauti tu na miguu imetokeza. Shule ilijengwa enzi ambazo sheria ilikataza watoto weusi kusoma pamoja na weupe. Yeye mwenyewe alisoma pale. Vitabu vyao vilikuwa vile vilivyochoka kwenye shule za wazungu, na ndani mna majina ya watoto wengine. Injini za karakana vivyo hivyo, ziliachwa huko kwa sababu zimeharibika.

"Ndiyo maana tulikuwa mafundi wazuri," alituambia. "Hatukuwahi kuletewa kitu kizima."

Kisha alicheka peke yake huko chini.

Alitusimulia Jumamosi za kina mama waliokaanga samaki barabarani ili bendi ya shule ipate sare. Alitusimulia sheria ilipobadilika, na jinsi wazungu waliotakiwa kuja hawakuja. Baadaye walikuja Wameksiko, Wasalvador, baadaye sisi. Mara kadhaa wakubwa walitaka kuifunga kwa sababu wanafunzi wamepungua, na kila mara mtaa mzima ulikwenda mkutanoni kukaa viti vya mbele. Alizungumza juu ya shule ile kama mtu anavyomzungumzia ndugu aliyeugua mara nyingi akapona kila mara.

Safari hii haikupona.

Kimbunga Harvey kilipokuja Agosti 2017, mimi nilikuwa hapa Arlington, sehemu kavu kabisa, nimekaa mbele ya televisheni nimembeba mtoto. Mvua iliikalia Houston na ikakataa kuondoka. Desiree alitolewa kwenye nyumba yake kwa mtumbwi wa watu asiowajua. Alinitumia picha moja tu ya shule: ngazi za mbele hazionekani, na maji yamefika kwenye vitasa vya milango.

Wakasema shule imefungwa kwa muda. Wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine, ng'ambo ya barabara kuu, wakabanana na wenyeji. Muda ukawa mrefu. Desiree alikwenda kila mkutano, akasimama kwenye maikrofoni akiwa bado na nguo za kazini. Mwalimu Hollis, ambaye alikuwa ameshastaafu, alikwenda naye na fimbo yake. Mwisho waliambiwa jengo halitatengenezwa, litavunjwa.

Desiree alinipigia siku hiyo pia. Tulisikilizana tu tukipumua.

Kwa hiyo jana alfajiri nilimwamsha Imani, binti yangu wa miaka minane, nikapakia jeki ya Kamau na sanduku la spana, tukashika njia. Kamau alisimama barazani na mtoto mdogo begani. "Gari limezama mwaka na nusu, achaneni nalo," alisema. Lakini ndiye aliyenikumbusha kuchukua mbao za kuwekea jeki.

Ku-drive mpaka Houston ni asubuhi nzima. Kando ya barabara maua ya buluu yalikuwa yameanza kutoka, na Imani akataka nisimame apige picha. Nilisimama. Sikuwa na haraka ya kufika, nakiri.

Kwenye uwanja wa kuegesha magari palikuwa na watu wengi kuliko nilivyotegemea. Vikongwe wamevaa rangi za shule. Wanaume wenye vitambi wakibishana nani alikuwa anakimbia kumzidi nani. Magari yote yalikuwa yamefunikwa na ule unga wa njano wa maua ya mwaloni, na mtu mmoja alikuwa ameandika kwa kidole kwenye kioo cha gari lake mwaka aliohitimu.

Dada mmoja kijana aliyetumwa na ofisi ya elimu, mwenye kofia ngumu kichwani, alitueleza masharti. Ndani ya jengo haingii mtu kwa sababu ya kuvu. Karakana pekee ndiyo itafunguliwa, kwa kuwa mlango wake unatazama uwanjani. Alikuwa na adabu, maskini, na alionekana hajawahi kutazamwa na wazee wengi waliokasirika kwa pamoja.

Mlango ule mkubwa wa mabati ulipopandishwa, harufu ilitutangulia. Matope ya zamani, na kitu kama majani yaliyooza. Ukutani maji yalikuwa yameacha mstari wa kahawia juu ya kichwa changu. Spana zote zimechukuliwa na mafuriko, au na watu. Yamebaki yale maumbo meupe tu, makubwa kwa madogo, na hakuna kitu juu yake.

Mwalimu Hollis alisimama mbele ya ukuta huo. Amekonda. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

Kisha Desiree akakaa chini, pale pale kwenye matope makavu.

"Maji yamenifuata," alisema. "Kule yalichukua nyumba ya bibi yangu, nikaletwa hapa. Hapa wakanipokea. Sasa yamekuja mpaka hapa. Niende wapi tena, Rema? Niambie, niende wapi?"

Nilipiga magoti nikamshika. Imani alikuwa amenishika shati kwa nyuma. Hajawahi kumwona mtu mzima akilia namna ile.

Mwalimu aligeuka polepole. Nilidhani atasema maneno ya faraja, na niliyahitaji hata mimi. Alitazama sanduku langu, akainama kwa shida, akatoa nyundo, akamnyooshea Desiree.

"Breki za nyuma zimeganda," alisema. "Gari haliondoki hivi."

Desiree akafuta pua kwa mkono, akaichukua nyundo.

Tulifanya kazi. Pikapu ilikuwa imejaa udongo mpaka kwenye viti, injini ukiigusa inamomonyoka. Hakuna aliyezungumzia kuiwasha. Kilichotakiwa ni magurudumu yazunguke. Nilipiga jeki, nikalala chini, na mwili ukakumbuka wenyewe namna ya kujipenyeza. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha kukunja, fimbo kati ya magoti, akitupangia kazi kwa ile sauti ya chini.

"Usipige katikati. Pembeni, uzunguke. Kutu haipendi kuzungukwa."

Desiree alipiga. Alipiga kwa hasira mwanzoni, kisha kwa mpangilio. Watu walianza kuingia kusaidia. Babu mmoja alileta pampu ya upepo. Tairi moja lilikataa kabisa kujaa, tukaliacha hivyo hivyo. Imani aliulizwa na Mwalimu kama anaweza kushika taa.

"Ndiyo, bwana," alijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu.

"Mama yako ananiita Mwalimu."

"Ndiyo, Mwalimu," Imani akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikasikia neno la Kiswahili likitoka kinywani mwake bila kulazimishwa.

Gurudumu la mwisho lilipoachia lilitoa mlio kama mnyama aliyekanyagwa, na watu wote wakapiga kelele. Yule dada wa ofisi alitazama saa yake. Saa sita ilikuwa imepita. Akatutazama, tulivyochafuka, akasema, "Saa yangu huwa inakwenda mbele," akatoka nje.

Mwalimu alisema atashika usukani.

Hakuna aliyebisha. Wanaume wawili walimpandisha, wakamtandikia shuka juu ya udongo. Sisi wengine tukaweka mikono nyuma na ubavuni. Mimi na Desiree bega kwa bega, Imani katikati yetu, viganja vyake vidogo kwenye bati la kijani.

Tukasukuma.

Ilitoka polepole, ikichechemea kwa lile tairi bovu. Gari la kuibeba lilikuwa linasubiri pale karibu, getini, lakini Mwalimu hakukata kona kuelekea huko. Alikata kushoto. Tukaelewa. Tukaizungusha shule nzima: mbele ya ngazi ambazo picha za mahafali zilipigwa, chini ya madirisha ya darasa la hisabati nililofeli, nyuma kwenye uwanja ambako bendi ilifanya mazoezi, kando ya kile kijito chenye maji yasiyofika hata goti. Mwanamke mmoja mzee alianza kuimba wimbo wa shule na wengine wakadakia. Mimi maneno nilikuwa nimeyasahau, nikawa naimba irabu tu. Jasho lilinitiririka machoni, na nilishukuru, maana hakuna aliyejua kipi ni jasho.

Tulipofika getini ndipo tulipokumbuka kwamba gari halina breki.

"Zuieni!" Mwalimu alipaza sauti, na huo ndio ukelele pekee niliowahi kumsikia akiupiga maishani. Tukakimbilia mbele, tukaegemea boneti kwa matumbo, watu wazima wote na vitambi vyao, mpaka ikasimama. Tulicheka hadi tukakosa pumzi. Mwalimu alicheka akafuta macho kwa leso, akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

Pikapu imekwenda kwenye ile shule ya ng'ambo ya barabara, walikohamishiwa watoto wetu. Wana karakana ndogo na mwalimu kijana aliyefundishwa na Hollis. Alikuwepo jana, amekuja na baadhi ya wanafunzi wake. Mmoja wao, msichana, alifungua boneti kabla hata kamba hazijafungwa, akaona zile herufi zote, akaanza kuzisoma kwa sauti.

Kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga Mwalimu. Nilimshika mkono kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa. Nikamwambia pole kwa shule.

"Kabla ya jengo hili," alisema, "kabla hata mimi sijazaliwa, watoto walikuwa wanafundishwa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Baba yangu alisoma humo. Kilikuwa na dirisha moja. Aliniambia walilia siku walipokiacha." Akaufinya mkono wangu. "Sikumwamini. Nilidhani mtu hawezi kulilia chumba kama kile."

Desiree alitusindikiza mpaka kwenye gari. Hakulia tena. Alinuka kutu na mimi nilinuka kutu. Aliniambia nimtumie picha za Imani, kisha akasema lile swali lake la kwenda wapi, nisilichukulie kwa uzito. Nililichukulia. Nimemwambia aje Pasaka akae na sisi, na amesema atakuja. Safari hii ni mimi nitakayempigia kila siku mpaka aje.

Tukirudi, jua likiwa bado lipo, Imani aliegemea dirisha. Nilidhani amelala. Tulipokuwa tunakaribia nyumbani akauliza, kwa Kiingereza chake:

"Mama, shule yangu itavunjwa lini?"

Nilitaka kumwambia haitavunjwa. Mdomo ulishafunguka. Shule yake hapa karibu na mji wa Mansfield ni mpya, rangi bado inang'aa, miti ya uwanjani bado imefungiwa vijiti. Ni nani anaweza kuifikiria ile chini ya maji?

"Sijui," nikasema.

Akafikiri. "Basi Jumatatu nitaiangalia vizuri."

Mtoto wa miaka minane. Nikashika usukani tu.

Jumatatu ndiyo kesho. Huwa namshusha getini nikiwa nimeshakanyaga mafuta, maana foleni ya nyuma inapiga honi. Kesho nitatoka mapema, ni-park mbali kidogo, nishuke naye tutembee hadi mlangoni. Nataka anionyeshe.